Kidole tu!

Ukiugua malaria, watu watakuja na machungwa. Ukifanyiwa upasuaji, ofisi nzima itapitisha bahasha. Ukivunjika mkono utafungwa plasta ngumu, watoto wa jirani wataandika majina yao juu yake, na hata kondakta wa daladala atawaamuru abiria wakupishe siti ya mbele. Sasa vunjika kidole cha mguu uone. Tena kile cha mwisho, kidogo, ambacho hata mpaka rangi hupata tabu kuuona ukucha wake. Pole utapewa, ndiyo, lakini itakuja na kicheko, na nyuma ya kicheko yatafuata maneno mawili ambayo mimi niliyasikia mpaka nikaanza kuyahesabu: "Kidole tu?"

Na wala si sisi huku peke yetu. Tarehe 2 Julai 2011, bondia Muingereza David Haye alipigana na Wladimir Klitschko kule Hamburg, Ujerumani, pambano la uzito wa juu lililosubiriwa kwa hamu kubwa. Akapoteza kwa pointi. Baada ya pambano akapanda juu ya meza mbele ya waandishi wa habari kuwaonyesha kidole kidogo cha mguu wa kulia: kimevunjika, ndiyo maana alishindwa kujirusha kama kawaida yake. Watu wakacheka, na kisa hicho kinamfuata mpaka leo. Miaka 13 baadaye, Conor McGregor naye akavunjika kidole cha mguu, yeye akaamua kujitoa kabisa kwenye pambano lake na Michael Chandler lililopangwa kufanyika tarehe 29 Juni 2024. Naye akasemwa. Yaani upigane usemwe, usipigane usemwe. Mimi Haye simcheki hata kidogo. Najua alichokuwa anakisema.

Mtungi wa kilo 15

Mpenzi msomaji, yangu ilinikuta Jumatatu alfajiri, umeme umekatika, nimeamka kwenda kutia udhu. Korido ya nyumba yetu naijua kama kiganja changu. Miaka sita nimeipita gizani bila taa wala tochi. Lakini usiku ule ndani ya korido kulikuwa na mgeni. Mume wangu alikuwa amepokea mtungi mpya wa gesi, ule mkubwa wa kilo 15, akamwambia kijana aliyeuleta auweke "hapo hapo kwanza." Hapo hapo kwanza pakawa ndipo.

Nilisikia sauti kabla ya kusikia maumivu. Kach! Kama njiti ya kiberiti. Halafu maumivu yakaja, yakapanda mpaka kwenye meno. Nikakaa chini sakafuni, nimekishika kidole kwa mikono miwili, machozi yananitoka yenyewe.

"Nini tena?" mume wangu akauliza kutoka kitandani.

"Nimejigonga."

"Pole mke wangu. Wapi?"

"Kidole cha mguu."

Kimya kidogo. Kisha: "Aah. Kidole tu?" Akageukia upande wa pili.

Hiyo ilikuwa hesabu ya kwanza.

Kulipokucha kidole kilikuwa kimevimba kama zambarau, na rangi yake pia ilikuwa ya zambarau. Damu ilikuwa imevilia mpaka kwenye unyayo. Na hapo ndipo madaktari walipojitokeza. Kwetu kila mtu ni daktari, si unajua tena. Shangazi akapiga simu: maji ya moto yenye chumvi, mwanangu, ukikande mpaka kilainike. Jirani wa chini akasema anamjua mzee mmoja hodari wa kuchua, anavuta mara moja tu, unasikia "ta!" na kwisha kazi. Mwenzangu ofisini, msomi wa shahada kama mimi, akanihakikishia kwamba hakijavunjika, maana kingekuwa kimevunjika nisingeweza kukikanyaga.

Nimekuja kujifunza kwamba wote watatu walikuwa wanakosea. Maji ya moto katika siku mbili za mwanzo huzidisha uvimbe. Kinachotakiwa ni barafu, tena iliyofungwa kwenye kitambaa na si juu ya ngozi tupu, kwa dakika 15 au 20 hivi, unarudia mara kadhaa kwa siku, na mguu uwe juu ya mito. Kuchua ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mfupa uliopata ufa tu unaweza ukasogezwa ukawa vipande viwili visivyotazamana. Na kuhusu kukanyaga: watu wengi hutembea na kidole kilichovunjika siku nyingi tu. Wanachechemea, lakini wanatembea. Kutembea si kipimo.

Nikaenda zahanati moja ya mtaani. Aliyenipokea hakuinua hata macho. "Kidole cha mguu hakina dawa," akasema, akaniandikia Panadol, akaita mgonjwa anayefuata. Dakika mbili. Kiatu sikuvua.

Nataka nimtendee haki. Ni kweli vidole vile vidogo mara nyingi havihitaji mambo mengi, na wako madaktari wazuri kabisa ambao hawatakupeleka kwenye eksirei kwa ajili ya kidole cha mwisho, kwa kuwa tiba ni ileile, picha iwepo isiwepo. Kwa hiyo sina ugomvi na kutopigwa picha. Ugomvi wangu ni kwamba hakukitazama.

Mfunge na jirani yake

Siku ya tatu nilienda hospitali nyingine. Nikakutana na daktari mmoja mama wa makamo, mpole, ambaye kitu cha kwanza alichofanya ni kuchuchumaa. Alikishika kisigino changu kama mtu anayeshika yai. Akabonyeza ncha ya kidole aone kama damu inarudi, akaniuliza kama nasikia ganzi, akanifunga jicho kwa kiganja na kunigusa gusa niseme ananigusa wapi. Akauliza kama nina kisukari. Nikasema sina, mama yangu ndiye anacho. Akasema, "Mwambie mama aangalie miguu yake." Nikaitikia kama mtu anavyoitikia.

Picha ikaonyesha ufa kwenye pingili ya kwanza ya kidole cha mwisho. Akanipa somo dogo ambalo shuleni sikuwahi kulisikia. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26, na 14 kati ya hiyo iko kwenye vidole: gumba lina pingili mbili, vile vingine vina tatu tatu, ingawa kidole cha mwisho cha watu wengi kina mbili tu, ya tatu imeungana na mwenzake. Gumba ndilo linalobeba uzito na kukusukuma mbele unapotembea, kwa hiyo likivunjika yeye hafanyi mzaha, huenda akakufunga plasta ngumu au hata kukupeleka kwa wapasuaji. Vingine vinne vina bahati ya kuwa na majirani.

Maana ndiyo tiba yenyewe: unakifunga kidole kibovu pamoja na jirani yake mzima, jirani awe gango. Katikati unaweka pamba au kipande cha shashi ili ngozi zisisuguane zikalowa jasho na kuchubuka, kisha plasta ya kitambaa, isikaze sana. Kikipoa au kikibadilika rangi ujue umekaza. Unafungua kila siku, unaosha, unakausha vizuri, unafunga tena. Wiki nne mpaka sita. Uvimbe na maumivu ya hapa na pale vinaweza kuendelea miezi kadhaa baada ya hapo, usishangae.

Akanitajia pia mambo ambayo mtu akiyaona asingoje kesho: kidole kimepinda kuelekea kusikokuwa kwake, kuna jeraha na hasa kama mfupa unaonekana, kimekufa ganzi, kimekuwa cha baridi au cheupe, au maumivu yanazidi badala ya kupungua. Na mgonjwa wa kisukari, hata mkwaruzo.

"Na viatu?" nikauliza. Nilikuwa na kabati la visigino virefu na send-off ya binamu yangu mwezi unaofuata.

"Soli ngumu, mbele wazi. Ndala usivae, zinapinda."

Kiatu maalumu cha hospitali kilikuwa kimekwisha. Nikatoka nje nikichechemea, nikawaza: soli ngumu, mbele wazi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana wa Kimasai anauza katambuga za matairi ya gari. Shosti, nilizivaa wiki sita. Ofisini, kwenye vikao na watangazaji, na suti yangu ya sketi. Wiki ya pili msichana mmoja wa idara ya matangazo akaniuliza nimezinunua wapi, akidhani ni fasheni.

Kitu ambacho hakuna anayekuambia ni jinsi kidole kinavyoingilia mambo usiyoyatarajia. Chandarua, kwa mfano. Ukikichomeka chini ya godoro kinavuta shuka, shuka linakandamiza kidole, na usiku wa manane shuka la pamba linakuwa zito kama bati. Ilibidi niweke kiti cha mtoto miguuni kuinua shuka. Kusujudu nilishindwa, kwa kuwa vidole lazima vipinde. Nikawa naswali nimekaa kwenye kiti, kama bibi yangu. Na ngazi. Tunakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna, ngazi 54. Nilizihesabu zote, kupanda kwa mguu mzima kwanza, kushuka kwa mguu mbovu kwanza.

Hujakiangalia hata siku moja

Sasa tuje kwenye ndoa, maana najua hapo ndipo mlipokuwa mnapangoja.

Dada wetu wa kazi alikuwa amekwenda kwao Singida kwenye harusi. Watoto wawili, gari la shule linapita saa kumi na mbili na nusu, na ofisini ni wiki ya kufunga kurasa, jarida linatakiwa kiwandani. Siku tatu za kwanza mume wangu alikuwa shujaa. Alipika chai, alifunga vibegi, alimsuka mtoto nywele kwa namna ambayo mwalimu alipiga simu kuuliza kama kuna msiba. Siku ya nne akaanza kuchelewa kurudi. Ya saba akaniuliza, "Bado tu?" Ya kumi nikarudi saa mbili usiku, nimepanda ngazi zangu 54, nikakuta vyombo vya asubuhi kwenye sinki na yeye anatazama mpira.

Nikaviosha. Nimesimama kwa mguu mmoja, na kila sahani nikaiweka kwa kishindo, si mnajua lugha hiyo. Akaja mlangoni. "Si ungesema tu."

Nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya vyombo. Kikatoka kitu kingine kabisa: "Hujakiangalia hata siku moja."

"Nini?"

"Kidole. Siku kumi. Watu wa ofisini wamekiona. Mlinzi wa getini amekiona. Wewe mume wangu, unalala na mimi, hujakiangalia."

Nilitegemea aseme lile neno lake. Hakulisema. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akatazama sakafu muda mrefu, mpira ukaendelea kupiga kelele sebuleni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kila akiniona nachechemea anauona ule mtungi. Kwamba usiku ule mimi nikiwa nimekaa sakafuni alijua palepale nimejigonga kwenye nini, akageukia ukutani kwa sababu alishindwa kunitazama usoni. Kwamba kidole kikiwa "kidole tu," basi na kosa lake nalo ni dogo.

Jamani. Miaka tisa ya ndoa, na mimi muda wote huo nadhani mtu hajali.

Sitawaambia kwamba nilimsamehe pale pale, kwa sababu nilikuwa bado nina hasira na vyombo. Nilikausha mikono, nikakaa kwenye kiti, nikamwekea mguu mapajani. "Haya, kiangalie." Akakiangalia. Kilikuwa kimegeuka kijani na njano. Akasema, "Duh." Halafu akauliza plasta iko wapi.

Kuanzia usiku ule akawa yeye anayefunga. Anaosha kwa maji ya uvuguvugu, anakausha kati ya kidole na kidole, anachana pamba, anafunga. Dakika kumi. Simu zetu ziko sebuleni, watoto wamelala. Tumezungumza mambo katika dakika kumi zile ambayo hatukuwa tumeyazungumza tangu mtoto wa pili azaliwe, mengine ya pesa, mengine hayawahusu.

Mama na soksi

Wiki ya tatu mama yangu akaja kutoka Tanga kutusaidia. Mama ana miaka 67, kisukari anaishi nacho mwaka wa 14 sasa, dawa anameza, chai bila sukari, anasimamia ugonjwa wake kama mwalimu mkuu. Usiku wa kwanza akamkuta mkwewe amepiga magoti sebuleni na mguu wangu mkononi. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu unadekezwa. Mimi mwezi uliopita nimekigonga cha kwangu kwenye kizingiti, kimevimba hivyo hivyo, sikufungwa na mtu. Wala hakikuniuma."

Mume wangu akaacha kufunga. Tukatazamana.

"Hakikuuma kabisa, Mama?" akauliza.

"Hata kidogo."

Nikamwambia avue soksi. Akakataa. Mbele ya mkwe? Tangu lini? Mume wangu akainuka bila kuambiwa, akatoka nje kwenye veranda, akafunga mlango nyuma yake. Mama akaendelea kubisha: ni kidole tu, wewe hangaika na chako. Mara ya ngapi sasa, sikumbuki. Nikapiga magoti, japo kupiga magoti kulikuwa kunaniua, nikamvua soksi mwenyewe.

Kidole cha pili kilikuwa kimevimba na kukaa upande. Chini yake, kwenye unyayo, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa senti, ukingoni cheusi. Soksi ilikuwa na alama ya majimaji. Yeye mwenyewe hakuwa amekiona, kwa kuwa ni chini, na mgongo wake hauinami tena kufika huko.

Hapo maneno ya yule daktari aliyechuchumaa yakanirudia. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, kuanzia kule mbali kabisa, miguuni. Damu nayo hupungua kufika. Mtu anaweza kukanyaga msumari akaendelea na safari. Mfupa unavunjika, yeye anatembea juu yake. Kidonda kinafunguka, yeye anapika. Mimi nilikuwa nalalamikia maumivu wiki tatu nzima, kumbe maumivu ndiyo yaliyokuwa yananilinda. Mama hakuwa nayo.

Asubuhi saa moja tulikuwa hospitali. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akambeba mama mkwe wake mgongoni ngazi zote 54, mama amejifunika uso kwa khanga kwa aibu. Pingili ilikuwa imevunjika; kidonda, kwa rehema za Mungu, kilikuwa hakijafika kwenye mfupa. Wakamsafisha, dawa za vijiumbe, viatu vya kuondoa uzito pale mahali, kusafishwa siku moja baada ya nyingine. Niliuliza lile swali ambalo nilikuwa naogopa kuliuliza. Daktari akasema kidole kitabaki, lakini kama angekaa Tanga wiki nyingine mbili tatu asingeniahidi.

Mama alikaa kwetu miezi miwili na nusu. Kidonda kilifunga wiki ya tisa. Changu kilikuwa kimeshaunga zamani. Kwenye send-off ya binamu nilikwenda na katambuga chini ya gauni refu, na siku niliyovaa kiatu cha kufunika tena ilikuwa wiki ya nane, na jioni yake kilivimba nikakitoa chini ya meza ya kikao. Bado kikipigwa na baridi ya kiyoyozi kinanikumbusha. Visigino virefu nimegawa jozi mbili.

Mama aliporudi Tanga, mume wangu alimnunulia kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha kuangalia unyayo bila kuinama. Sharti lake lilikuwa moja: kila usiku kabla ya kulala atume picha mbili kwenye simu, mguu wa kulia na wa kushoto, chini na kati ya vidole. Mwanzoni alizituma kwangu tu, kwa kuwa miguu haionyeshwi mkwe. Siku hizi anazituma kwenye kundi la familia, mkwe akiwemo, na akichelewa, mkwe ndiye anayeuliza. Juzi ilikuja picha ya mguu wa tatu, mnene, una hina. Nikampigia kuuliza ni wa nani. Wa shoga yake wa nyumba ya pili, akasema, naye ana sukari. Alikuja kuazima kinu, akamkalisha kwenye mkeka akamvua viatu.